Miembe ya Ujiji na habari ya mto wetu

Wengi wetu huku Kolwezi tulisikia tangu shule ya siku ya Mungu habari ya mwembe wa Ujiji, ambapo Henry Morton Stanley alimkuta Daktari David Livingstone mwishoni mwa mwaka 1871. Ujiji ilikuwa bandari ya misafara kwenye ziwa Tanganyika, upande wa Tanzania. Leo imeungana na mji wa Kigoma kuwa manispaa moja.

Mwembe wenyewe haupo tena. Ulizeeka ukafa, na mahali hapo pakajengwa mnara wa jiwe wenye ramani ya Afrika na msalaba. Karibu yake kuna miembe ambayo wenyeji wanasema ilitokana na ule wa kwanza. Ndani ya jumba la makumbusho, sanamu mbili kubwa, ya Livingstone na ya Stanley, zinasalimiana. Kwa hiyo mgeni anaona mfano wa mti na mfano wa watu.

Mifano hiyo inaonyesha walivyokutana, lakini haionyeshi Livingstone alikuwa ametoka wapi. Alikuwa ametoka kwenye mto Lualaba, mto uleule unaoingia katika bwawa la Nzilo karibu na Kolwezi. Machi 1871 alifika Nyangwe, katika Maniema ya leo. Tarehe 15 Julai, siku ya soko, watu wa wafanyabiashara wa watumwa walifyatulia risasi umati, na wengi wao walikuwa wanawake. Wengine walikufa maji wakikimbilia mitumbwi. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliyaona hayo kwa macho yake, akarudi Ujiji akiwa mgonjwa. Habari alizoandika ziliamsha watu Uingereza, na mwaka 1873 Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Zanzibar.

Baadaye Livingstone alikusudia kufika kwenye machimbo ya shaba ya Katanga, lakini alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Aliyefika ni Frederick Stanley Arnot, Mskoti aliyeguswa na habari zake tangu utoto. Februari 1886 aliingia Bunkeya kwa Mfalme Msiri, na hapo ndipo Waprotestanti walianza kazi katika Katanga.

Israeli walipovuka Yordani, Yoshua alisimamisha mawe kumi na mawili ili watoto waulize maana yake. Jiwe peke yake halijibu. Wazazi ndio wanaojibu. Watoto wetu wakiuliza juu ya mwembe wa Ujiji, tuwasimulie pia wanawake wa soko la Nyangwe, ambao hawamo kati ya sanamu zile. Tunaishi katika nchi ya shaba, ambako hata leo mali inaweza kuthaminiwa kuliko mtu. Na mto uliopokea damu yao ndio uliolipa jimbo letu jina lake.