Kushusha V8: Wamarekani Walivyohangaika na Pikapu Zinazokula Mafuta

Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwenye pikapu Marekani hakuona haja ya kuuliza gari lake linakula mafuta kiasi gani. Ford walifunga injini ya V8 ya lita 7.5, Chevrolet wakawa na yao ya lita 7.4, na petroli ilikuwa bei ya chee.

Oktoba 1973 mambo yakageuka. Nchi za Kiarabu ziliinyima Marekani mafuta kwa sababu ya vita na Israeli, na katika miezi michache pipa likapanda kutoka dola 3 hivi hadi karibu 12. Januari mwaka uliofuata Rais Nixon alitia saini sheria ya kuzuia mwendo usizidi maili 55 kwa saa.

Ndipo baadhi ya wenye pikapu walipoanza kushusha V8 na kupandisha injini ndogo. Kwa Chevrolet kazi ilikuwa nyepesi: silinda sita yao ya lita 4.1 ilishika kwenye giaboksi ileile ya V8. Hesabu yenyewe ilikuwa na mantiki. Injini kubwa ya petroli ikitembea bila mzigo, njia ya hewa inakuwa karibu imefungwa, na pistoni zinatumia nguvu kuvuta hewa kupitia upenyo mdogo. Injini ndogo hufanya kazi ileile njia ikiwa wazi zaidi. Lakini aliyevuta trela la ng'ombe alilazimika kukanyaga mafuta hadi mwisho safari nzima, na faida ikayeyuka.

Wengine wakageukia dizeli. Mwaka 1976 kampuni ya International ilianza kuuza gari lake la Scout lenye injini ya Nissan ya lita 3.2. General Motors wakaja na dizeli ya Oldsmobile ya lita 5.7 kwa magari ya 1978. Hiyo iliwatia watu hasara: bolti za silinda hedi zilishindwa kuhimili mgandamizo, gasketi zikaungua, na maji yaliyochanganyika na mafuta yakaharibu pampu. Wamiliki wengi wakaishusha na kurudisha V8 ya petroli. Uzalishaji ulikoma 1985.

Jibu lililodumu lilitoka kwenye magari ya kusambaza mikate. Mengi yalibeba Cummins 4BT: silinda nne, lita 3.9, nguvu farasi 105 tu. Magari hayo yalipochakaa, injini zilikuwa bado nzima, na mafundi wakazinunua.

Kuifunga si mchezo. Ina uzito wa kilo 340 hivi, hutikisa bodi nzima, na hutaka springi za mbele zenye nguvu. Mtihani mkubwa uko kwenye difu. Injini hii huishia mizunguko kama 2,500 kwa dakika. Kwa difu ya uwiano wa 4.10, tairi za inchi 30 na gia ya juu isiyo na ovadraivu, gari hukwama kwenye kilomita 88 kwa saa. Difu ya 3.07 hulifikisha karibu 117.

Mwaka 1989 Dodge walianza kuuza pikapu zenye ndugu wa 4BT wa silinda sita, lita 5.9, kutoka kiwandani. Kwa wanaobadili injini wenyewe, sheria ya California inataka injini inayofungwa isiwe ya mwaka wa nyuma kuliko gari lenyewe, kwa hiyo 4BT kuukuu hutafutiwa pikapu iliyoizidi umri.