Mlango Mmoja wa Maandishi

Alipoanza Damien George, mwanafizikia wa Australia aliyekuwa Cambridge, kuchangisha fedha mwaka 2013 ili aunde MicroPython pamoja na bodi yake iitwayo pyboard, muradi wake ulikuwa kuiingiza lugha ya Python, iliyozoea kompyuta kubwa, katika maikrokontrola yenye kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 192 tu. Bodi ile ikichomekwa kwa waya wa USB ilijidhihirisha kwa sura mbili: diski ya mafaili, na mlango wa maandishi ambapo mtu huandika amri, nayo ikajibu papo hapo. Diski ilikuwa sahali kwa mgeni, walakini haikukosa hatari, kwani kompyuta na bodi ziliweza kuandika katika hifadhi hiyohiyo pasipo moja kuiarifu nyingine, mafaili yakaharibika.

Mwaka 2016 lugha hiyo ikapelekwa kwenye ESP8266, maikrokontrola ya bei nafuu yenye Wi-Fi lakini isiyo na USB yake yenyewe. Diski ikatoweka, ukabaki mlango wa maandishi. Hapo ndipo vilipopata wateja vyombo vya kupeleka mafaili kupitia mlango huo, kama ampy ya Adafruit, rshell ya Dave Hylands, na WebREPL ipitayo hewani.

Ninachokistahi mno katika vyombo vya waya ni kwamba bodi haikuhitaji kufundishwa lolote juu ya kupokea mafaili. Kompyuta hutuma ishara ya Ctrl-A, bodi huacha kurudisha kila herufi iandikwayo, hupokea maandishi hadi ije Ctrl-D, kisha huyatekeleza. Basi atakaye kupeleka faili hutuma, kwa hakika, programu fupi inayoiamuru bodi ifungue faili la jina fulani na kuandika humo baiti hizi na hizi, kipande baada ya kipande. Na atakaye orodha hutuma programu ya kuyachapa majina.

Dosari ilikuwa katika mwendo, maana bodi haikuwa na namna ya kuomba isubiriwe, na kompyuta ililazimika kutua kidogo baina ya vipande kwa kukisia. Mwaka 2021 ukatolewa utaratibu ambao kwao bodi hutangaza kiasi iwezacho kupokea, wala kompyuta haikivuki mpaka ipewe ruhusa. Mwaka huohuo kikatoka mpremote, chombo cha waundaji wa MicroPython wenyewe, ambacho amri yake ya mount huipindua safari yote: bodi ndiyo isomayo folda ya kompyuta kana kwamba ni hifadhi yake, hata mwandishi akirekebisha mstari mezani pake na kuiendesha programu upya, bodi huupata mstari ule ilhali hakuna kilichonakiliwa ndani yake.