Habari za Waliovuka Mto: Kwa Nini Watu Huhamia Nchi ya Pili, na Jinsi Wanavyopata Kuwa Wenyeji



Katika mkutano mkuu wa mwaka huu lilizuka neno ambalo halikumalizika. Mwanachama mmoja, aliyezaliwa ng'ambo ya mto Malaba, na ambaye amelipa ada yake miaka 14 bila kukosa, alifiwa na mama yake huko alikozaliwa. Ilipoombwa fedha ya mazishi, mzee mmoja aliuliza, kwa heshima, kama mfuko wa Chama wapaswa kuvuka mpaka. Mkutano ukagawanyika. Fedha ikatolewa nusu, na neno lenyewe likaahirishwa. Halmashauri ikatuagiza sisi tuliokabidhiwa kazi ya uandishi tuweke katika taarifa hii habari za waliovuka mto, ili mkutano ujao uamue kwa ujuzi wala si kwa uchungu. Twalitimiza agizo hilo kwa unyenyekevu, tukijua ya kuwa wako wazee miongoni mwenu walioyaona kwa macho mengi ya haya tuyaandikayo kwa kalamu.

Mpaka uliowavuka watu

Yafaa tukumbuke kwanza kwamba si watu wote waliovuka mpaka. Wengine ni mpaka uliowavuka wao. Wateso walifika pande za Malaba na Amukura kabla ya utawala wa Wazungu, wakitoka kaskazini na kupitia nchi ya Tororo. Wasamia walikaa kando zote mbili za mto Sio, wakaoana na kuzikana bila kumwomba mtu ruhusa. Barabara ya Kapteni Sclater, iliyotengenezwa katika miaka ya 1890 kutoka Kibwezi hata Busia, haikukuta hapa Kenya wala Uganda, bali ilikuta koo na mashamba yao.

Wakati ule Himaya ya Uganda ilifika hata Naivasha. Mwaka 1902 Jimbo lake la Mashariki lilikatwa likatiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, ndiyo nchi iliyoitwa Kenya tangu mwaka 1920. Mwaka 1926 mipaka ikaandikwa upya kwa amri iliyotolewa Uingereza. Basi mtu aliyechunga ng'ombe wake ukingo huu na kulima ukingo ule alijikuta ana serikali mbili na kodi mbili, naye hajainua mguu.

Watu hawakukawia kulifahamu jambo hilo. Kodi au kazi ya lazima ilipozidi upande mmoja, kijana alivuka usiku akaenda kwa mjomba wake upande wa pili. Hakusema anakwenda Uganda, wala hakusema anakwenda Kenya. Alisema anakwenda kwa mjomba. Twawaomba mlishike neno hili, maana ndilo tuliloliona katika kila kizazi tulichokichunguza. Linalomwondoa mtu kwao ni njaa, au kodi, au vita, au tamaa ya mshahara. Lakini linalomchagulia mahali pa kwenda mara nyingi ni mtu anayemjua, aliyetangulia.

Sisi tulipokuwa wageni

Reli iliyopita Eldoret ilivuka Malaba ikaingia Tororo, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Vijana wa pande hizi wakaifuata. Walikata miwa katika mashamba ya Kakira na Lugazi, wakafanya kazi ya reli, wakajenga bwawa la Owen Falls pale Jinja lililofunguliwa mwaka 1954, na wengine wakaajiriwa katika kiwanda cha saruji cha Tororo. Wenye bahati ya elimu walikwenda Makerere, maana kwa miaka mingi hapakuwa na chuo kingine cha jinsi hiyo katika Afrika ya Mashariki.

Babu yetu alikuwa mmoja wa wale wa Jinja. Alikwenda kwa sababu binamu yake alikuwa na chumba, na katika chumba hicho walilala watu sita. Alisimulia kwamba mambo matatu yalimtuliza. La kwanza ni lugha. Alijifunza Kiganda na Kisoga sokoni, akichekwa kila siku mpaka wachekaji wakachoka. La pili ni kazi ya kudumu. La tatu ni chama cha watu wa nyumbani, kilichochanga fedha ili mtu akifa ugenini maiti yake irudi kwao. Vyama vya namna hiyo vilikuwa vingi katika miji ya Uganda, na Luo Union ilijulikana sana. Chama hiki chetu, Wazee, kimezaliwa kwa mfano wa vile. Tulijifunza kuchanga kwa ajili ya mazishi tulipokuwa sisi wenyewe wageni.

Hata hivyo kutulia kwake hakukumlinda. Mwaka 1970, wakati wa Rais Obote, Serikali ya Uganda ilitaka kazi zisizo za ufundi ziwe za raia wake, na maelfu ya Wakenya wakaondolewa. Babu yetu alirudi kwa njia ya Malaba na baiskeli moja, sanduku moja la bati, na lugha mbili ambazo nyumbani hapakuwa na mtu wa kuzisema naye. Majirani zake wa Jinja walimsindikiza hata stesheni. Mpaka alipokufa hakuwasema vibaya. Alisema kwamba majirani hawakumfukuza, ila karatasi ndiyo iliyomfukuza.

Wao walipokuja kwetu

Haukupita muda mrefu mambo yakageuka. Tarehe 25 Januari 1971 Jenerali Idi Amin alitwaa serikali. Agosti 1972 aliwaamuru Wahindi watoke katika muda wa siku 90, na wengi wakapita Malaba kwa gari la moshi kwenda Mombasa. Baada yao wakaja Waafrika wa Uganda wenyewe: walimu, waganga, makarani, na wakulima waliokimbia askari. Baba zetu waliosoma shule za sekondari za Kenya miaka ile hukumbuka mwalimu kutoka Uganda aliyefundisha hesabu au Kiingereza akiwa na suti moja tu. Mwaka 1976 Amin alipodai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda, kwa kuitazama ile mipaka ya zamani, walimu hao walisikia maneno makali sokoni, kana kwamba wao ndio waliodai. Lakini asubuhi waliingia darasani kama desturi.

Amin alianguka mwezi wa Aprili 1979, lakini amani haikuja upesi. Desemba 1987 askari wa nchi hizi mbili walipigana hapa Busia, na mpaka ukafungwa. Katika miaka hiyo hiyo nchi ya Teso ya Uganda iliharibiwa na uasi na wizi wa ng'ombe, na wengi wakavuka kuja kwa jamaa zao wa Malaba na Amukura. Hawakuhitaji mkalimani. Walisalimu kwa "yoga" na wakajibiwa kwa "yoga". Walikaribishwa penye chungu cha ajono, wakapewa mrija.

Kisha zamu ikatugeukia tena. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, Wakenya kwa maelfu walikimbilia Uganda kwa njia ya Busia na Malaba. Sisi tulikuwa vijana, tukaona kwa macho yetu akina mama wakivuka na magodoro kichwani. Walipokewa Mulanda, karibu na Tororo, na baadaye wengi wakapelekwa Kiryandongo wakapewa ardhi ya kulima. Hakuna aliyewauliza kwanza walichokitenda Waganda wa 1972 walipofika kwetu, wala tulichokitenda sisi.

Jembe na shamba

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Neno hili twalitumia sana kumhimiza mgeni afanye kazi, nayo ni haki. Lakini jembe bila shamba ni mzigo wa kubeba begani. Waliotulia kwetu ni wale waliopata vitu viwili kwa pamoja: wajibu wa kutimiza, na mahali pa kuutimizia. Vijana wa Busia waliowabeba watu kwa baiskeli kati ya vituo viwili vya mpaka, kazi iliyozaa jina la boda boda, walikuwa wa pande zote mbili. Abiria hakuuliza dereva amezaliwa wapi, aliuliza nauli. Na aliyenyimwa mahali pa kazi ya halali tulimwona usiku akibeba magunia ya magendo, kisha tukasema hiyo ndiyo tabia ya wageni.

Haitupasi kulidharau neno la mzee yule. Hakusema kwa chuki. Anajua kwamba mfuko ni mdogo, na kwamba wako watu wanaojiandikisha ugonjwa unapoingia nyumbani na kutoweka matanga yakiisha. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini tulipolifungua daftari tuliona kwamba wenye tabia hiyo wametoka kando zote mbili za mto, na baadhi yao wamezaliwa mwendo wa dakika chache kutoka ofisi ya Chama.

Serikali zetu zenyewe zimekwisha kupiga hatua. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977 ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999. Soko la Pamoja lilianza Julai 2010. Na tangu mwaka 2018 kituo cha Busia kinawahudumia wasafiri wa nchi zote mbili mahali pamoja. Ingekuwa ajabu kama maofisa wa forodha wangeketi chini ya paa moja, nasi tukashindwa kuketi pamoja matangani.

Kwa hiyo twaleta mbele yenu maombi matatu. Kwanza, mfuko ufuate ada, usifuate mahali pa kuzaliwa. Pili, kila mwanachama mpya, mwenyeji au mgeni, angoje mwaka mmoja kabla ya kusaidiwa, ili hofu ya mzee ipate jibu. Tatu, ile nusu iliyobaki alipwe ndugu yetu, maana deni la matanga halichachi kwa kukaa.

Katika daftari la wanachama iko safu iitwayo "Nyumbani". Ndugu yule alipojiandikisha, miaka 14 iliyopita, aliandika humo jina la kijiji chake cha ng'ambo. Mwaka huu, alipoleta ada yake baada ya mkutano ule, alituomba kalamu. Tulidhani anataka kujitoa. Alilikata jina lile kwa mstari mmoja, akaandika "Malaba, Kenya", akatoa fedha yake, akangoja risiti.

Sisi twasubiri uamuzi wenu.