Chawajani wa Mahindi: Mdudu Aliyepewa Jina Akafichua Ugonjwa

Chawajani ni mdudu mdogo anayefyonza utomvu wa mimea na kuruka ghafla anapoguswa. Wakulima wa pamba wa Iramba na Mkalama, mkoani Singida, humtambua kwa majani yaliyojikunja na kubadilika rangi kingoni. Familia yake, Cicadellidae, ina spishi zaidi ya 20,000 zenye majina ya kisayansi, na nyingi zinafanana mno. Ili kuzitenganisha, mtaalamu hupasua dume chini ya darubini, akakagua viungo vyake vya uzazi na kumlinganisha na vielelezo vya makumbusho. Akiridhika kwamba spishi ni mpya huchapisha maelezo na michoro, na kielelezo kimoja huteuliwa kuwa rejea ya kudumu ya jina hilo.

Ni kazi ya subira, na Afrika iliihitaji mapema kwa ajili ya mahindi. Mwaka 1901, huko Natal, Afrika Kusini, Claude Fuller alieleza mahindi yaliyotoka majani yenye mistari ya njano na kudumaa. Yeye aliushuku udongo. Mwaka 1924 mtaalamu wa wadudu aitwaye Naudé alieleza spishi mpya ya chawajani, Balclutha mbila, na mwaka uliofuata Harold Haydon Storey akathibitisha kuwa mdudu huyo ndiye anayeeneza ugonjwa wa milia ya mahindi. Hivi leo anaitwa Cicadulina mbila. Urefu wake ni kama milimita 3, rangi yake ya manjano hafifu, na kichwani ana madoa mawili meusi.

Storey alihamia Tanganyika, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, milima ya Usambara Mashariki, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Hapo ndipo alipofanya majaribio ambayo hadi sasa yanastahili kutajwa kwa heshima. Aligundua kwamba si kila chawajani wa spishi hiyo anayeweza kuambukiza: wawili hunyonya jani lilelile lenye ugonjwa, mmoja akaueneza na mwingine asiueneze kamwe. Aliwazalisha na kuwachanganya, kizazi baada ya kizazi, na mwaka 1932 akaonyesha kuwa uwezo huo hurithiwa kwa kufuata jinsia. Mwaka uliofuata alieleza sababu. Kwa wale wasioambukiza, virusi vya ugonjwa huo hukwama ndani ya utumbo. Storey alipowatoboa utumbo kwa sindano nyembamba mno, virusi vilipenya hadi kwenye damu, nao wakaanza kuambukiza mahindi. Ukuta wa utumbo wa mdudu wa milimita 3 ulikuwa ndio mlango wa ugonjwa mzima.

Mwaka 1936 William Edward China, wa makumbusho ya London, alieleza spishi nyingine ya jenasi hiyo na kuiita Cicadulina storeyi kwa heshima ya Storey. Baada ya Vita Kuu ya Pili utafiti wa Amani ulihamishiwa Muguga, Kenya, na mwaka 1974 K. R. Bock na wenzake walivisafisha virusi vya milia na kuona chembe zake zikiwa zimeshikamana mbilimbili.

Kwa mkulima, matunda ya kazi hiyo ni mbegu zinazostahimili milia, kama TMV-1, Staha-ST na Kilima-ST, pamoja na ushauri wa kupanda mapema. Singida ina msimu mmoja wa mvua, hivyo mahindi hutoweka mashambani kwa miezi mingi. Chawajani wa jenasi Cicadulina huweza kuvuka kiangazi kwenye nyasi za sehemu zenye unyevu, na mahindi machanga yanapochipua, huyahamia. Shamba lililochelewa hukutana na wadudu waliokwisha kuzaana.

Wengine wa familia hii hawana uhusiano wowote na mazao, na habari zao ni chache sana. Mwaka 2018 Alvin Helden, wa Chuo Kikuu cha Anglia Ruskin cha Uingereza, aliyekuwa akiwapeleka wanafunzi katika Hifadhi ya Taifa ya Kibale, magharibi mwa Uganda, tangu 2015, alimpata chawajani mwenye mng'ao wa metali na mwili uliojaa vishimo vidogo. Urefu wake ulikuwa milimita 6.5. Ukaguzi ulionyesha kuwa ni wa jenasi Phlogis, ambayo mara ya mwisho ilikuwa imeonekana mwaka 1969 katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Viungo vya uzazi vya dume, ambavyo sehemu yake ina umbo la jani, vilisaidia kuitenga spishi hiyo. Mwaka 2022 Helden aliitangaza katika jarida la Zootaxa kwa jina la Phlogis kibalensis, huku mmea unaoilisha ukiwa bado haujatambuliwa.