Luti ina shingo, nanga haina

Msomaji wa pwani akisikia nanga huwaza meli. Huku Kishanda, na kwingineko Muleba na Bukoba, nchi ya Wahaya, enanga ni ala ya muziki. Kipande kimoja cha mti hufukuliwa kikawa na uwazi usio na kina kirefu, ncha zake mbili zikatiwa mapengo, kisha uzi mmoja mrefu, zamani wa mshipa wa ng'ombe, ukapitishwa huku na huko hadi zikapatikana nyuzi saba au nane. Mpigaji wake, omutezi, huketi akaimba utendi peke yake, na utendi wenyewe nao huitwa enanga.

Wanaoandika kwa Kiswahili huiita zeze au gitaa la Wahaya, na wapo wanaoiita luti. Zeze tuliache, maana jina hilo limebebeshwa karibu kila kitu chenye uzi. Kuiita luti, au gitaa, ndilo kosa linaloharibu mkono wa mwanafunzi.

Mwaka 1914 watafiti Erich von Hornbostel na Curt Sachs walipanga ala za dunia kwa namna zinavyotoa sauti na kwa umbo lake. Katika mpango huo, luti ya shingo ni ala yoyote ambayo nyuzi zake hutoka kifuani mwake na kwenda sambamba nacho hadi shingoni. Mkono mmoja huchezesha nyuzi, wa pili huzibana shingoni. Uzi ukifupishwa, sauti hupanda. Gitaa ni luti, gambusi ni luti, hata fidla ni luti. Nanga haina shingo, kwa hiyo hakuna pa kubana. Kila uzi una sauti yake iliyopangwa kabla ya wimbo kuanza, na mikono yote miwili iko huru kucharaza. Ndugu zake ni inanga ya Rwanda na Burundi na, kwa mbali, kanuni ya taarab. Lakini ukivuka mpaka ukaingia Buganda, ennanga ni kinubi cha shingo iliyopinda. Jina ni lile lile, ala ni nyingine kabisa.

Kwa Kiswahili, luti ya Ulaya ibaki luti. Jamii nzima ya ala zenye shingo ya kubania nyuzi ningependa iitwe jamii ya udi, kwa kuwa luti yenyewe, kwa ala na kwa jina, imetokana na al-ud ya Waarabu, na sisi udi tunao Zanzibar. (Kinanda kingefaa, kwani zamani pwani kilikuwa ala ya nyuzi, ila kimekwisha kuhamia kanisani na kwenye bendi.) Ala za nyuzi zisizo na shingo ziitwe jamii ya nanga. Kamusi zetu ziipe nanga hii ingizo lake, mbali na ile ya meli.

Kwamba umbo la ala huamua mkono, Wazungu walijifunza kwa gharama. Luti ilikuwa imekufa kwao. Fundi Arnold Dolmetsch alitengeneza moja London mwaka 1893, na katika miaka ya 1950 mpiga gitaa Julian Bream akaipa umaarufu mpya, lakini kwa mkono wa gitaa: kucha, na luti nzito kuliko za kale. Muziki ulipendeza, mkono haukuwa wa luti. Chama cha luti kiliundwa Uingereza mwaka 1956, Diana Poulton akiwa miongoni mwa waanzilishi, na walimu waliofuata wakarudi kwenye picha na vitabu vya karne ya 16. Humo wakaona dole gumba likipita chini ya vidole vingine, upande wa kiganja, mwendo uliorithiwa kutoka enzi za kupiga kwa unyoya. Wanafunzi wa gitaa ikabidi waanze upya.

Zanzibar haikukatikiwa namna hiyo. Tangu 2002 chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi, pale Mji Mkongwe, kimefundisha udi na kanuni, na wazee wa taarab walikuwapo kumshika mwanafunzi mkono.

Nanga haikubahatika. Ilitunzwa na makao ya abakama, wafalme wa Wahaya, na utawala wa machifu ulifutwa Tanganyika mwaka 1963. M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizitafiti tendi zake na kuonyesha kwamba ni tendi kamili. Kazi hiyo imehifadhi maneno na elimu kubwa. Lakini vidole havisomeki kitabuni, wala redio haionyeshi ni kidole gani kimegusa uzi gani. Kijana wa Bukoba anayetaka kujifunza leo humwendea mpiga gitaa, naye atamfundisha kubana.

Basi mwenye simu na babu omutezi, mrekodi akipiga, na kamera iangalie mikono yote miwili, si uso. Mwombe apige polepole, kisha apange nyuzi upya mbele yako, moja baada ya nyingine.