Kutoka mkorogo hadi leza: safari ya ngozi Nyanda za Juu Kusini

Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kampeni iliyopangwa kuanza Januari 1969. Wengi wanaikumbuka kwa vita dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana. Wachache wanakumbuka kwamba orodha hiyohiyo ya marufuku ilikuwa na mawigi na krimu za kung'arisha ngozi. Hoja kuu wakati ule ilikuwa utamaduni: kijana wa taifa huru asiige sura ya mtu mwingine.

Hoja ya afya haikuchelewa. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida la tiba la Uingereza uchunguzi wa watu wazima 60 waliokuwa na ugonjwa wa figo, ule unaovujisha protini kwenye mkojo na kuvimbisha mwili. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakipaka krimu zenye zebaki. Miaka mitatu baadaye, Afrika Kusini, daktari wa ngozi G. H. Findlay akaeleza madhara ya haidrokwinoni, kemikali nyingine ya kung'arisha: baada ya matumizi ya muda mrefu, uso unatoka mabaka meusi yenye ubuluu ambayo ni kazi kubwa kuyaondoa. Mwanamke aliyenunua weupe akalipwa weusi usiofutika kirahisi.

Tanzania ilipata meno ya kisheria mwaka 2003, kwa Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi iliyounda Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Zebaki na haidrokwinoni zikapigwa marufuku kwenye vipodozi. Mwaka 2019 udhibiti wa vipodozi ukahamia Shirika la Viwango, TBS, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina jipya la TMDA.

Kwa watu wa Iringa na Mbeya, marufuku hiyo imekuwa ikipimwa barabarani. Barabara kuu ya Zambia inapita chini ya mji wa Iringa pale Ipogolo, inapanda Mafinga na Makambako, inakatiza Mbeya na kuishia Tunduma. Ukikata kushoto Uyole unateremka hadi Kasumulu, mpakani na Malawi. Vipodozi haramu vimepitishwa kwenye mipaka hii kwa miaka mingi, vimekamatwa, vimeteketezwa, na vikaja tena. Mkorogo wenyewe hauhitaji kiwanda: krimu mbili tatu, mara nyingi mojawapo ina steroidi kali, zinachanganywa kwenye kopo na kuuzwa kwa kijiko. Ngozi inakuwa nyororo kwa wiki chache, kisha inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi zinalipuka, na vifundo vya vidole vinabaki vyeusi.

Hapo ndipo leza inapoingia. Mtu aliyeharibiwa na mkorogo anasikia kwamba kuna mashine mjini Dar es Salaam inayovua ngozi ya zamani na kuleta mpya. Anaanza kukusanya fedha. Kabla hajapanda basi, ni haki yake kujua mashine hiyo ilikotoka.

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California mwaka 1960. Ndani ya miaka michache Leon Goldman, daktari wa ngozi wa Cincinnati, alikuwa ameanza kuijaribu kwenye ngozi ya binadamu. Mwaka 1964 Kumar Patel, mhandisi mzaliwa wa India, alibuni leza ya kabonidayoksaidi, ambayo mwale wake unanyonywa na maji. Kwa kuwa ngozi imejaa maji, mwale huo unaichoma na kuigeuza mvuke, tabaka kwa tabaka. Katika miaka ya 1990 ukawa mtindo mkubwa Marekani kwa makunyanzi na makovu ya chunusi. Mwaka 2004 Dieter Manstein na Rox Anderson wakaleta njia ya kutoboa vidonda vidogo mno vilivyotengana, vikizungukwa na ngozi nzima, ili kupona kuwe kwa haraka.

Sehemu kubwa ya elimu hiyo ilijengwa juu ya ngozi nyeupe. Hata kipimo ambacho madaktari hukitumia kupanga ngozi, alichokitoa Thomas Fitzpatrick mwaka 1975, kilianza na aina za ngozi nyeupe tu. Ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye. Hili si jambo dogo. Ngozi yetu ikijeruhiwa na moto, hujibu kwa kumwaga melanini, yaani rangi yake, kwa wingi zaidi, na doa linaweza kukaa miezi. Joto likizidi, seli za rangi hufa na kuacha baka jeupe la kudumu. Kuna hatari ya kovu la kuvimba, ya maambukizi, na ya vipele vya mdomoni kuamka upya. Kwenye ngozi iliyokwisha kukondeshwa na steroidi, mambo huwa mabaya zaidi. Na yale mabaka ya haidrokwinoni? Leza imejaribiwa, na matokeo yamekuwa ya kupishana.

Nyanda za Juu zina jambo lao la ziada. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Iringa karibu mita 1,600, na kila mita 1,000 huongeza mionzi ya urujuanimno kwa takriban asilimia 10. Baridi ya Juni inatudanganya. Tunavaa masweta na kusahau jua. Uso uliotoka kwenye leza ukipigwa na jua hilo unaweza kurudi mweusi kuliko ulivyokwenda.

Hata hivyo siikatai leza. Manufaa yake ni ya kweli, na makubwa kuliko yote ni yale yasiyotangazwa: kulainisha makovu ya moto yanayokaza shingo, kiwiko au vidole. Katika mikoa ya baridi, ambako moto wa kuni na jiko la mkaa hukaa karibu na watoto, hiyo ndiyo kazi ningependa kuona mashine hizi zikinunuliwa kuifanya, na ndiyo ambayo hospitali zetu za rufaa zinapaswa kuipigania kwenye bajeti.

Tangu mwaka 1992 tuna kituo cha kanda cha kufundisha wataalamu wa ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, na wahitimu wake wako nchini. Anza kwao. Acha mkorogo kwanza, ngozi ipumzike. Uliza kama anayeshika mashine amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, ametibu ngozi nyeusi ngapi, na kama atajaribu sehemu ndogo nyuma ya sikio na kusubiri wiki kadhaa. Akikuahidi weupe, ondoka.