Mipaka ya Mali ya Pamoja katika Jengo Refu la Makazi: Mfano wa Marina City, Chicago

Ubora wa majengo marefu ya makazi hupimwa mara nyingi kwa wingi wa huduma zake, kama vile maegesho, bwawa la kuogelea na ukumbi wa mazoezi. Makala haya yanadai kwamba kipimo hicho hakitoshi, kwa kuwa katika kondominiamu, yaani jengo ambalo kila mwenye fleti huwa na hati yake pamoja na hisa katika sehemu za pamoja, huduma iliyomo jengoni si lazima iwe mali ya wakazi.

Minara miwili ya Marina City, iliyosanifiwa na Bertrand Goldberg na kugharimiwa na chama cha wafanyakazi wa kuhudumia majengo, ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati ambapo Wamarekani wengi walikuwa wakihamia vitongojini, ili makazi ya katikati ya jiji yapate tena wapangaji. Kila mnara una ghorofa 65, ambapo 19 za chini ni maegesho yanayopanda kwa mzunguko, na fleti zilizo juu yake zimeuzunguka mhimili wa zege wenye umbo la mcheduara, unaobeba lifti na ngazi. Kila fleti hupanuka kuelekea nje na kuishia kwenye roshani ya nusu duara. Kando ya minara palikuwa na ofisi, ukumbi wa maonyesho, mchezo wa bowling na gati ya mashua.

Mpango huo ulibuniwa kwa ajili ya mwenye nyumba mmoja na wapangaji wake. Fleti zilipogeuzwa kondominiamu mwaka 1977, sehemu za biashara hazikuingia katika mali ya wakazi. Hivyo, katika miaka ya 1990, ofisi zilipofanywa hoteli na ukumbi ukawa wa muziki, uamuzi ulikuwa wa wamiliki wengine.

Inaweza kujibiwa kwamba mgawanyo huo una nafuu, kwa kuwa mwenye fleti hatozwi ada ya kutunza ukumbi asioutumia. Hoja hiyo ina uzito, lakini inahusu huduma za starehe tu. Lifti, ngazi, mabomba na paa ni vya namna nyingine, kwani bila hivyo fleti ya ghorofa ya 40 haikaliki, na kwa sababu hiyo havipaswi kuwa nje ya mamlaka ya wakazi.

Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2008, na Kenya, kwa sheria ya mwaka 2020, zimeruhusu umiliki wa sehemu za jengo. Katika mazingira hayo, ramani ya msanifu na mpango wa umiliki havina budi kuandaliwa pamoja, ili mnunuzi ajue, kabla ya kulipa, ni huduma ipi atakayoimiliki pamoja na jirani zake na ni ipi atakayoitumia kwa hiari ya mwingine.